Nyasi za Bibi Mektilda

Wanaume walimaliza kazi yao Jumamosi. Walifyeka shamba la Bibi Mektilda hapa Maguu, wakazilaza nyasi kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba, kama tulimavyo ngoro, mashimo yetu ya mteremkoni, siku zote. Ilibaki kazi yetu wanawake: kuchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, ili maharage yapandwe juu yake. Bibi amevunjika nyonga, hana mtoto. Nyasi zikikaushwa na jua na kupeperushwa na upepo, mwaka huu hana maharage.

Jumatano tulifika wanajumuiya kumi na wanne. Hadi saa mbili asubuhi hakuna jembe lililogusa ardhi.

Wanakwaya walisimama upande wa juu wa shamba na vitenge vyao vya sare. Watu wa maombi walikuwa chini. Theodosia, mwalimu wa kwaya, alitaka tufungue kwa wimbo. Veneranda, ambaye watu humfuata awawekee mikono, alitaka maombi kwanza.

"Kuimba nako ni karama, dada."

"Sijakataa. Ila shetani hakimbii sauti ya pili."

"Na mchwa, wanakimbia maombi yako?"

Kila upande ulicheka kwa zamu yake. Nilitamani kutema mate. Nikamkaza mwanangu Careen mgongoni, nikaingia ndani kumwamkia Bibi.

Harufu ilinipokea mlangoni. Bibi alikuwa amelowa mkojo tangu jana, mgongo umechubuka, shuka limegandia kwenye kidonda. Nzi wamejaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mama Careen. Wameanza?"

"Wanabishana namna ya kuanza."

"Tangu saa moja? Basi leo Mungu ana foleni."

Nililibandua shuka polepole kwa maji ya uvuguvugu. Kilichonichefua kuliko ile harufu ni kwamba wote tulipita hapa asubuhi tukamsalimia dirishani. Hata mimi. Jumapili pia nilisalimia dirishani, nikaenda zangu kanisani nimejipaka mafuta.

Nikalitia shuka na uchafu kwenye beseni, nikalibeba hadi katikati ya shamba. Wakaziba pua kwa vitenge.

"We Mama Careen, hicho unatuletea cha nini?"

"Si mnagombania karama? Hii bado haina mwenyewe."

Nilidhani watanizomea. Veneranda ndiye aliyekuja. Alilishika beseni, akageuza uso, akatapika pembeni, akafuta mdomo, akalishika tena.

"Ana kidonda?"

"Mgongoni."

"Injika maji mengine."

Theodosia hakuomba radhi. Alijifunga kitenge kiunoni, akateremka na jembe lake hadi upande wa watu wa maombi, akachimba mraba wa kwanza, akaanzisha wimbo hukohuko. Wengine walimfuata, baadhi wakinung'unika.

Nilikuwa nimemwinua Bibi, Veneranda anamsafisha mgongo. Mara Veneranda akawapazia wanakwaya sauti dirishani:

"Sauti ya pili mbona siisikii?"

Bibi alicheka mpaka akalalamikia nyonga.

Mchana ilibaki mistari miwili tu, ambayo nyasi zake mbuzi walishazitawanya. Maharage yatakuwepo. Mikono yangu bado inanuka, na nikiwakumbuka walivyosimama na vitenge vyao vilivyopigwa pasi, kichefuchefu kinarudi. Kesho ni zamu yangu na Theodosia kumgeuza Bibi. Amesema atakuja na sabuni.