Swali Lililokwama Darajani

Mjomba wangu Weldon Estabrooks alikuwa ameazimia kumposa Bi Verna Cronkhite katikati ya daraja, na mimi nilitakiwa kushuka garini kabla hatujaingia. Ndivyo tulivyopatana asubuhi ile, tukipakia meza na vyungu vya maharage kwenye lori lake la viazi kwa ajili ya karamu ya stroberi, kule bustanini ng'ambo ya mto. Tungempitia Bi Verna kwake. Tukifika mlangoni mwa daraja, maana la kwetu limeezekwa kama nyumba, ningesema nimesahau kitu, ningeruka chini, nao wangeingia wawili.

Lakini Mjomba akiwa na hofu huendesha kama anayefukuzwa na nyuki. Tulipolifikia daraja nilifungua kinywa, na kabla sijatoa neno paa lilikuwa limeshatufunika, tumo ndani ya giza lile la harufu ya mbao na vinyesi vya njiwa. Nilikuwa nimekaa katikati yao, magoti nimeyakunja kukwepa gia.

"Nimesahau kitu," nikasema hata hivyo.

"Umechelewa," Mjomba akajibu kwa sauti nyembamba.

Kijijini kwetu Nackett, swali la ndoa huulizwa ndani ya daraja, na anayeulizwa hujibu kabla hajatokea upande wa pili. Akitoka kimya, amekataa, na hakuna atakayemsumbua tena kwa jambo hilo. Ukiifikiria, ni desturi yenye huruma. Daraja lina kuta na paa, ndani kuna kiza, na hakuna anayeuona uso wa mwenzake vizuri. Mama yangu alijibu mle. Bibi yangu alitoka kimya mara mbili, kwa wanaume wawili tofauti, ndipo akamjibu wa tatu.

Bi Verna alikuwa anaondoka Jumatatu. Nyumba ameshamwachia mpwa wake, masanduku yamefungwa, na binti yake Charlene amemwandalia chumba Calgary, mwisho mwingine wa nchi. Ilikuwa leo au basi. Mjomba amecheza karata naye kila Alhamisi tangu wote wawili walipofiwa na wenzi wao, na Alhamisi zote hizo alizungumzia viazi.

Tulipokaribia katikati akasafisha koo.

"Verna, nilitaka kukuuliza kama ungekubali kuolewa na..."

Juu yetu kitu kikalia kama jino linalong'olewa. Lori likajikaza, likatetemeka, likasimama. Huko nyuma vyungu vikagongana.

"...mimi," Mjomba akamalizia. Si mtu wa kuacha kazi njiani.

Mjomba akajaribu kurudi nyuma, boriti ya paa ikalia tena, akazima injini. Bi Verna akajaribu mlango wake. Ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, ukagota ukutani. Akaufunga taratibu, akaweka mkoba wake mapajani.

"Naona nina nafasi ya kufikiri," akasema.

Murray Hovey, mwenyekiti wa karamu, alikuwa wa kwanza kufika kutoka bustanini, aproni bado kiunoni. Akasimama mbele ya kioo, akamulika juu na tochi, akamulika chini, kisha akammulika Mjomba usoni.

"Weldon, umekwama."

"Nimeona."

"Lori hili limepita hapa tangu tukiwa vijana."

"Limepita."

"Sasa kimebadilika nini?"

Mjomba akaangalia usukani. Murray akapiga sakafu kwa kisigino, mbao zikatoa mlio mzito.

"Nani alisimamia sakafu mpya mwezi wa tano? Nani alitwambia mbao za zamani ni nyembamba, tuweke nene zidumu mpaka vitukuu?"

"Ni mbao nzuri, Murray."

"Nzuri sana. Zimekupandisha mpaka darini."

Bi Verna akageuza uso dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mambo yalikuwa mawili, na yote mawili Mjomba aliyajua vizuri kuliko sisi. Sakafu ilikuwa imepanda, naye tangu Mei alikuwa akivuka na gari dogo. Halafu lori hili huvuka wakati wa mavuno, limeshiba viazi, springi zimelala. Leo lilibeba meza na maharage tu, likawa limesimama wima kama jogoo.

"Punguzeni upepo kwenye matairi," Murray akapaza sauti kwa watu waliokuwa wanafuata nyuma yetu na magari yao. "Na tunahitaji viazi."

"Mwezi wa saba huu, viazi tutavitoa wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Wewe hapo una uzito gani?"

Kikapita kicheko chenye mashaka. Kisha tukasikia milango ya nyuma ikifunguliwa, na lori likaanza kuzama kidogo kidogo, mtu mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na ukuta wa mbao tu kati yetu na wao, na kijidirisha kisicho na kioo ambacho Mjomba hukitumia kuchungulia mzigo. Sura ya Thelma Hovey, mke wa Murray, ikatokeza hapo, karibu kabisa na sikio langu.

"Msitujali," akasema. "Sisi ni magunia."

"Thelma, ondoka hapo," Mjomba akasema.

"Niondoke niende wapi? Nimepakata chungu, na Garth amenikalia mguu. Verna, mpenzi, hujambo? Nimesikia umeulizwa."

"Umesikia nini?"

"Daraja hili linavuma, mama. Hata bustanini wamesikia."

Bi Verna akavuta pumzi, akamgeukia Mjomba. Ili amwone ilimbidi aniinamie. Nikajibana kwenye kiti nikitamani ningekuwa mwembamba kama tikiti ya basi.

"Weldon, nikuulize na mimi?"

"Uliza."

"Yule mbwa wako bado analala kitandani?"

"Pembeni tu."

"Pembeni upande gani?"

"Upande wako," Mjomba akasema, akajirekebisha, "yaani, upande ambao ungekuwa wako."

Nyuma magunia yakacheka. Bi Verna hakucheka. Niliona kidole chake kikizungusha kifungo cha mkoba, kikikifungua na kukifunga.

"Nimefunga sahani zangu kwenye magazeti," akasema polepole. "Nimegawa mapazia. Nimemuaga kila mtu kanisani, wengine mara mbili. Miaka yote hii umekaa mezani kwangu, ukala keki zangu, ukanieleza habari za ukungu wa viazi. Kwa nini umengoja mpaka nimebakiza koti la safari?"

Thelma akasogeza sikio kwenye kijidirisha.

Mjomba aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, ingawa hatukuwa tunaenda popote.

"Kwa sababu ungeweza kukataa," akasema. "Ukikataa, Alhamisi nisingeweza kuja tena. Nikaona bora Alhamisi bila swali kuliko swali bila Alhamisi. Sasa unaondoka na Alhamisi zote, kwa hiyo sina tena cha kulinda."

Mimi nimesoma chuo, nimefundishwa kupanga maneno, na sijawahi kupanga neno lolote lililofika pale lilipofika jibu lile. Nilitazama mbele. Murray alikuwa amezima tochi.

"Basi?" mtu akanong'ona nyuma. "Amesemaje?"

"Bado. Nyamaza."

"Upepo umetosha," sauti nyingine ikasema kutoka chini ya lori. "Jaribuni sasa. Polepole sana."

Mjomba akawasha injini. Murray akaanza kurudi kinyumenyume mbele yetu, mikono juu, akituita kwa vidole kama anayefundisha mtoto kutembea. Boriti ikakwaruza paa la lori, ikakwaruza tena, ikaachia. Tukaanza kusogea. Mwanga wa mlango wa daraja ukaanza kukua mbele, na nje niliona majani ya kando ya mto, meza nyeupe, na watu wa bustanini wote wamesimama na sahani mikononi.

"Verna," Mjomba akasema.

"Najua tuko wapi, Weldon. Endesha."

"Nikisimama litakwama."

"Ndiyo maana nasema endesha, lakini usikimbie. Mbwa anashuka chini."

"Anashuka."

"Kila Februari tunakwenda Calgary kwa Charlene. Kwa ndege."

Mjomba hajawahi kupanda ndege, na husema wazi kwamba mtu angekusudiwa kuruka angezaliwa bata.

"Kwa ndege," akasema.

"Na jikoni mwako hakuna anayenifundisha kupika viazi."

"Hata kidogo?"

"Weldon, mlango huo hapo."

"Hakuna. Hakuna atakayekufundisha."

"Basi nimekubali," Bi Verna akasema, na wakati huohuo jua likatupiga usoni.

Kelele zilizofuata hazikuwa za pongezi. Zilikuwa za ubishi. Watu wa bustanini walidai kiti cha Bi Verna kilikuwa kimeshatoka nje alipotamka neno, kwa hiyo kwa desturi alitoka kimya. Magunia, yaliyokuwa bado ndani ya daraja pamoja na nusu ya lori, yalidai lori ni moja na halijatoka mpaka limetoka lote. Garth alipaza sauti kwamba yeye alisikia jibu akiwa kwenye kiza kabisa, na maharage pia ni mashahidi. Murray akaombwa aamue, akasema yeye ni mwenyekiti wa stroberi tu.

Mjomba alikuwa amepauka. Kwa wengine ulikuwa mchezo, lakini niliona kwamba kwake haukuwa mchezo. Akalisogeza lori mpaka nyasini, akazima injini, akazunguka, akamfungulia Bi Verna mlango.

"Nisamehe," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nataka niwe na hakika. Tungerudi ndani kwa miguu?"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Tutawaacha huku."

Bi Verna akashuka, akanipa mkoba wake nimshikie. Wakapita katikati ya magunia yaliyokuwa yanajipangusa vumbi, wakaingia kizani. Watu wa Nackett tuna adabu zetu. Tukageuka wote kuelekea mtoni, tukashusha meza, tukapanga viti, kila mmoja akijitahidi kutotazama nyuma. Thelma alipakua maharage huku shingo yake imekakamaa kwa juhudi hiyo.

Walikawia. Murray alikuwa ameshauliza mara kadhaa kama tuanze kula, na mara zote mkewe alimwambia aketi.

Walipotoka, Mjomba alikuwa ameshika kofia mkononi na nywele zake zimesimama upande mmoja. Bi Verna alikuja moja kwa moja kwangu, akafungua mkoba, akatoa simu, akainyoosha mbali na macho yake kutafuta jina.

"Charlene," akasema ilipopokelewa, "usije uwanja wa ndege Jumatatu, mwanangu. Hapana, siumwi. Kaa kwanza. Umekaa?"