Shati la Kipimo

Karatasi ilisema mkono wa fundi cherehani umepona. Mkewe alisema haujapona. Mimi niliyeijaza karatasi hiyo kwa kalamu yangu sikujua nimwamini nani.

Kazi yangu ni kuwafundisha upya waliopatwa na kiharusi mambo ya kila siku: kushika kijiko, kuchana nywele, kufunga vifungo. Maendeleo tunayapima kwa shati moja jeupe la vifungo sita, lilelile kwa wote, ili mtu asipendelewe. Mwaka huu kila mgonjwa anamaliza upesi kuliko wa mwaka jana, na mkuu wa idara amebandika mchoro wa kutusifu ukutani. Nilivimba kichwa, sifichi.

Leo ilikuwa zamu ya fundi kuruhusiwa, asirudi tena. Vifungo sita, dakika mbili. Nikachukua muhuri.

"Nyumbani namvalisha mimi," mkewe akasema. "Akijaribu mwenyewe, chai inapoa na kifungo kimoja hakijaingia."

"Labda unamdekeza, mama."

"Mwanangu, na magoti yangu haya? Nimdekeze kwa nguvu zipi?"

Nikampima tena. Dakika mbili. Nikavua koti langu la kazi, jipya la wiki iliyopita, nikamvisha. Dakika nne zikapita, kifungo cha kwanza bado kinamteleza. Nikalitazama koti, nikalitazama shati, nisielewe kitu. Mkono si ni uleule?

Fundi akalivuta shati kwa mkono wake mzima, akasukuma kidole gumba kwenye tundu la kifungo. Kikapita chote.

"Hili limefungwa na kufunguliwa mwaka mzima," akasema. "Matundu yamelegea. Hata kuku angelifunga."

Nikakaa chini. Sasa nani alikuwa amepata nafuu, wagonjwa au shati? Nilikwisha kuwagongea muhuri watu thelathini na wanane. Wangapi kati yao wanavalishwa asubuhi na wake zao, na wanaona haya kusema? Nikaurudisha muhuri kwenye droo.

"Utarudi Jumatatu, mzee," nikamwambia. "Hivi hayo matundu uliyaona lini?"

"Wiki ya pili. Mimi si fundi?"

"Na ukanyamaza?"

Akaangalia vidole vyake, vimelala juu ya koti langu.

"Ulikuwa unafurahi sana, mwanangu. Na mimi nilipenda kuambiwa nimepona."