Udongo wa Mbele ya Nyumba

Mume wangu ana imani mbili katika dunia hii: kwamba chai bila sukari ya kutosha ni maji ya kuoshea vikombe, na kwamba udongo ukikaa bure unanuna. Ile ya kwanza daktari alishaipiga marufuku. Ile ya pili ndiyo iliyotufikisha pabaya.

Banda lake la nyanya liko ubavuni mwa nyumba: nguzo za mabomba, nailoni juu, mlango unaolia kila ukifunguliwa. Ndani kuna matuta mawili marefu, na humo humo ameotesha nyanya mwaka hadi mwaka. Nyanya ukizirudisha pale pale, udongo unachoka na magonjwa yanalimbikizana. Hilo analijua kuliko mtu yeyote mtaani. Kwa hiyo kila baada ya mavuno alichota udongo wa juu, kina cha sepetu moja, akausukuma kwa toroli hadi kona ya nyuma ukapumzike. Ule uliopumzika tangu mwaka uliotangulia akaurudisha ndani, akauchekecha, akauchanganya na samadi iliyoiva. Yote hayo peke yake. Ukimshikia toroli, ananuna yeye badala ya udongo.

Lakini misimu miwili iliyopita nyanya zilinyauka zikiwa bado na maua. Kisha mwaka huu kiharusi kikampitia, kikamwachia mkono na mguu wa kulia vikiwa vizito. Siku alipoweza kukaa vizuri kitini alitamka jambo moja tu: zikifa tena, jirani aje ang'oe nguzo akafugie kuku. Niliogopa. Namjua yule mtu. Bila lile banda angegeuza kiti akatazama ukuta mpaka mwisho wake.

Basi tukaingia kazini mimi na wifi yangu, dada yake, mwanamke asiyejua kunong'ona. Mzee tukamweka mlangoni kwenye kiti chake, awe msimamizi.

"Mnachimba au mnapapasa?" akauliza.

"Kaka, kama ni kelele tu, tungeleta redio," wifi akamjibu.

Tulipomaliza kuutoa udongo wa ndani tukaosha sepetu, tukaenda kona ya nyuma kuuchukua ule uliopumzika. Juu yake palikuwa na biringanya. Kila mwaka palikuwa na biringanya, nimezipika mwenyewe. Mzee hawezi kuona udongo umelala bila kazi. Wifi aling'oa shina la kwanza, akalikung'uta, akanyamaza. Wifi kunyamaza si jambo la kawaida, nikageuka.

Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, vinene kama shanga. Ndivyo vile vile tulivyoviona kwenye mizizi ya nyanya zilizokufa. Tukang'oa shina la pili, la tatu. Hali ile ile.

"Biringanya na nyanya si ndugu?" wifi akauliza taratibu.

Ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja ni wa mwenzake. Mzee alikuwa akiutoa ugonjwa bandani kwa toroli, akiulisha mwaka mzima, kisha akiurudisha ndani kwa heshima zote.

Nilimpelekea lile shina nikamwekea mapajani. Akavipapasa vinundu kwa mkono wake mzima, kimoja baada ya kingine.

"Hili limetoka nyuma."

"Ndiyo."

"Nilidhani ule udongo unapumzika." Akatazama pembeni. "Mwiteni jirani."

Hasira ikanipanda, hata sijui nilimkasirikia nani. Nikachukua sepetu nikaenda mbele ya nyumba.

Pale, kati ya dirisha na njia, ndipo penye kipande changu. Tangu tuhamie hapa sijapanda kitu kingine ila maua ya manjano, yale yenye harufu kali inayomkera. Alikiomba mara ngapi kile kipande! Cha pilipili, cha biringanya, cha chochote kinacholiwa. "Unafuga maua, yatataga lini?" alizoea kuniuliza. Nilikataa kila mara, na kuna wakati tulikaa wiki nzima bila kusemeshana kwa sababu yake.

Nikang'oa ua moja. Mizizi myeupe, safi, myembamba kama uzi, bila kinundu hata kimoja.

Sikujipa nafasi ya kufikiri. Niling'oa yote, hata yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachanua, machozi yakinitoka, na naona haya kusema, maana ni maua tu. Wifi akaleta toroli bila kuuliza.

Tulimwaga mzigo wa kwanza mbele ya miguu ya mzee. Akauchota ule udongo, akaufinya, akaunusa. Ulikuwa unanuka maua yangu. Hakukunja pua.

"Hii ni bustani yako."

"Maua yanahamia kona ya nyuma. Yatazoeana na vinundu vyako."

Mdomo wake, ambao siku hizi unapinda upande, ukajaribu kutabasamu.

"Miaka yote hii, kumbe ulikuwa unanitunzia."

"Nilikuwa nakunyima," nikamwambia.

Akacheka. Tangu augue sikuwa nimekisikia kile kicheko, na nilikuwa nimekitamani kuliko nilivyojua. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Lete chekeche."

Chekeche letu lina mishikio miwili. Akashika mmoja, akanisubiri nishike wa pili.