Piko Mikononi mwa Mpiga Ngoma

Uvumi ulianzia mkahawa mmoja wa Edgware Road, London, ukapanda basi pamoja na watu, ukateremka Kilburn na kumkuta Bi Ghalia anakaanga sambusa. Aliyeubeba ni shoga yake Mardhiya, kwa simu.

"Ghalia, umekaa? Kaa kwanza. Suhaib wako kaonekana Camden. Kapambwa, shoga! Wanja, rangi ya mdomo, piko mpaka viwikoni. Bi harusi mzima, amekosa bwana tu."

"Mzushi nani huyo?"

"Mie simo. Ila wanasema maua ya piko ni ya mkono wako."

Sambusa ziliungua. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma roho. Ghalia alikuwa mpambaji wa maharusi, na kila mpambaji ana ua lake. Lake lilikuwa asumini iliyofumba, na majani matatu. Suhaib, mwanawe, alikulia pembeni mwa meza yake ya kazi, akimshikia mama bakuli la piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi.

Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na anapiga ngoma katika kundi la Waswidi watatu waliopanga ghorofa ya juu. Muziki wao waliuita punk: makelele, matusi na nguo zilizochanika. Ghalia alikwisha kuuzoea. Siku moja aliwaonea huruma akawashonea suruali zao zote, tundu lisibaki, na mkubwa wao, Torbjorn, nusura alie. "Mama, matundu ndiyo yenyewe!" Suhaib alimwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu, hakukisema.

Halafu wapenzi wa makelele wakapungua. Mwaka huo wa 1999 Torbjorn akaja na mtindo mwingine, glam rock. Suhaib hakumweleza mama yake kwamba wanaume wa mtindo huo hupanda jukwaani wamejipamba. Alisema jambo moja tu: "London wakitupenda kwenye onyesho la Jumamosi, Camden, tunabaki. Wakitukataa, tunahamia Uswidi, na mimi nakwenda."

Baba yake alikwisha fariki, dada yake kaolewa Maskati. Nyumbani walibaki wawili. Tangu siku hiyo Ghalia akimaliza kuswali aliomba London impende mwanawe.

Jumamosi mchana maneno ya Mardhiya bado yalikuwa yakimchoma. Akachukua mkoba wake, akaenda Camden, akapanda ngazi za ukumbi ulio juu ya baa huku akisoma kila sura aliyoijua.

Ndani walijaa wapenzi wa zamani, nywele zimesimama kama majogoo, na wote wanazomea. "Wasaliti! Nendeni saluni!" Torbjorn alisimama mbele kwa viatu vya kisigino kirefu, suti inametameta kama karatasi ya chokoleti. Nyuma ya Torbjorn, kwenye ngoma, alikaa mwanawe. Wanja wenye mkia. Mashavu yanang'aa. Na mikono ilipoinuka kupiga, zile asumini zilizofumba, majani matatu, alizojichora mwenyewe, hakuna hata moja iliyopinda.

"Ya Rabbi!" Ghalia hakujua kinachomtia kiwewe zaidi: kumwona mwanamume kapambwa vile, au kuona kazi safi vile.

Wimbo wa pili kuzomea kukapungua. Wa tatu, miguu ikaanza kugonga sakafu, jogoo mmoja akatikisa kichwa, watu wakasogea mbele. London ilikuwa inalainika. Ghalia hakuliona hilo. Aliona wanaume wanamkaribia mtu aliyepambwa, na wanaume wakikaribia kabla ya wakati wake, mpambaji humfunika bi harusi. Kanga ya kufunikia haikosi mkobani mwake. Mikono haikumngoja. Alipanda jukwaani akamtupia mwanawe kanga, gubigubi.

Ngoma ikakatika. Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama kaja kumchukua!"

"Mchukue na huyu wa viatu!"

Gitaa likajaribu kuendelea, likashindwa. Waliokuwa wakigonga miguu sasa walishika mbavu.

Suhaib aliiondoa kanga taratibu. Wanja ulikuwa umetiririka mpaka kidevuni. Ghalia alingoja Kiingereza. Kikaja Kiswahili, cha kuvunjika.

"Mama, walikuwa wanaanza kunipenda."

"Nilisikia watu wanasema..."

"Mimi nakaa chumba cha pili. Mbona hukuniuliza?"

Kabla mwezi haujaisha, kundi zima lilikuwa Uswidi, na Suhaib pamoja nao. Hupiga simu Ijumaa. Hazungumzi sana.

Wenye watoto wanaokulia huku, epukeni haya:

Kupokea habari za mwanao kutoka mkahawani, na yeye yumo ndani.

Kushona suruali ya mtu bila kumuuliza.

Kumfuata mtoto mzima kazini kwake, hata kwa mapenzi.

Kubeba kanga ya kufunikia siku isiyo ya harusi.

Kupanda jukwaani. Kwa lolote lile.

Kuliona kosa la mtoto ukanyamazia kazi yake nzuri. Asumini zile hazikupinda, na hakuna aliyemwambia.