Spika ya Jeconia

Jumatano asubuhi Jeconia Aloo alisimama ndani ya duka lake na funguo mkononi, akashindwa kufungua mlango. Nje kulikuwa na watu. Alisikia viatu vyao kwenye veranda. Bila shaka walikuwa wateja, wale wale waliozoea kuja na redio zao kwapani. Lakini tangu Jumapili Jeconia alikuwa hawezi tena kutofautisha hatua za mteja na hatua za askari. Kwake yeye kila kiatu kilikuwa buti.

Usimcheke. Wiki hiyo ya Agosti 1982 Eldoret yote ilikuwa na hofu. Wanajeshi wa anga walikuwa wamejaribu kupindua serikali kule Nairobi, wakashindwa siku hiyo hiyo, na sasa kila mtu alitembea na beji ya chama kifuani, hata walevi. Watu waliosalimiana walizungumzia mahindi tu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Hofu ya Jeconia, hata hivyo, ilikuwa na sababu yake mwenyewe, na sababu hiyo ilining'inia pale pale juu ya mlango, mdomo wazi, kila mpita njia akiiona.

Ilikuwa spika. Spika ya bati, mdomo mpana kama karai, ambayo ilimfanya Jeconia ajulikane kutoka Pioneer mpaka Chepkoilel. Mafundi wa redio walikuwa wengi mjini, lakini mwenye spika nje ya duka alikuwa yeye peke yake. Kila asubuhi aliwasha redio na sauti ikamwagika barabarani, safi kabisa, hata mtu aliyekuwa ng'ambo ya soko aliweza kumsikia mtangazaji akivuta pumzi. Aliyesikia hivyo alikumbuka redio yake inayokoroma nyumbani, akaileta.

Jeconia hakuingia kwenye biashara kwa kutafuta utajiri. Alipenda sauti, basi. Alipotoka Sakwa, kando ya ziwa, alikuja kutafuta kibarua katika kiwanda cha nguo. Alipokuwa kwenye foleni getini, redio ya mlinzi ikawa inakwaruza, ikamkera mpaka akaomba aazimwe kisu. Alipomaliza kuitengeneza, foleni ilikuwa imekwisha na nafasi zimejaa. Mlinzi akaona haya, akamletea redio ya shemeji yake; shemeji naye akamtaja kwa jirani. Jeconia hakurudi tena pale getini. Alianzia kwenye gunia kando ya ukuta, akahamia kibandani, mwishowe akapata duka lenye jina lake juu ya mlango, na chumba cha nyuma cha kuishi na mkewe Angeline.

Kanisani pasta alipenda kumtolea mfano. "Tazameni Ndugu Aloo," alisema. "Hana mjomba serikalini, hakuhonga mtu, lakini ona alipofika." Jeconia aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku moyoni akijipongeza. Ilikuwa kweli kwamba hakuhonga mtu. Ilikuwa kweli pia kwamba leseni yake ilitoka haraka wakati wenzake walikuwa wanazungushwa, na kwamba chumba cha barabara kuu alipewa yeye, mtu wa kutoka ziwani, wakati wenyeji walikuwa wanakililia. Hata vipaza sauti vya mikutano ya chama vilikodiwa kwake. Aliamini ni kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri, na mtu anayesifiwa kila siku hana haja ya kuuliza maswali mengi.

Chini ya spika kulikuwa na benchi. Wateja walikaa hapo wakingoja redio zao, na Kavetsa, mjane kutoka Maragoli aliyechemsha chai pembeni mwa veranda, aliwauzia chai na mandazi. Wakinywa, waliongea. Waliongea juu ya mbolea, juu ya chifu, juu ya diwani aliyekula mabati ya shule. Aliyekaa hapo kuliko wote alikuwa Phineas Walubengo, karani wa mizigo stesheni, mtu mnene wa kucheka kwa urahisi. Benchi lenyewe alilileta yeye, likiwa zawadi siku duka lilipofunguliwa, akalibeba begani mwenyewe akitokwa jasho. Angeline alimwita shemeji.

Sasa nikuambie kosa la Jeconia. Mazoea yake yalikuwa kufungulia spika kwanza, kusikiliza baadaye. Jumapili asubuhi ulikuwa wakati wa nyimbo za dini, na watu wa kanisani walizoea kupunguza mwendo wapitapo dukani kwake. Jumapili ile akawasha kama kawaida, akaenda nyuma kunawa uso. Badala ya kwaya ikaja bendi ya jeshi. Kisha sauti ya mtu mgeni ikasema serikali imeangushwa.

Jeconia akatoka mbio na sabuni usoni. Mkono wake ukafika kwenye swichi, ukakwama pale. Na jambo la kwanza lililomjia kichwani, Mungu amsamehe, ni kwamba sauti ilikuwa safi ajabu. Watu walisimama barabarani na Biblia zao mikononi, vinywa wazi. Sauti ikaendelea, ikasema wafungwa wote wa kisiasa wako huru. Hapo ndipo kigelegele kilipolia.

Kilikuwa kimoja tu, kirefu, na kilitoka nyuma ya pazia la chumba cha nyuma. Kaka yake Angeline, Mwalimu Johnstone, alikuwa jela kwa kukutwa na karatasi ambazo hakutakiwa kuwa nazo. Angeline aliposikia neno huru, koo lake lilifanya kazi kabla ya akili. Jeconia akazima redio, lakini alikuwa amechelewa. Barabara nzima ilikuwa imesikia mwanamke akishangilia mapinduzi, na hakuna aliyejua ni mwanamke gani.

Kwa hiyo Jumatano hiyo mwishowe alifungua mlango. Wateja walichukua redio zao bila kukaa. Kidogo kidogo veranda ikabaki tupu, halafu Phineas akatokea, beji mpya kifuani, na Jeconia akashusha pumzi. Angalau huyu ni rafiki.

"Mama Kavetsa, leta chai mbili," Phineas akasema. Akaingia dukani, akarudisha mlango nyuma yake. "Fundi, mambo ni mabaya."

"Sana, ndugu yangu."

"Kuna mama alipiga kigelegele hapa Jumapili."

Jeconia akajifanya kutafuta bisibisi. "Nani amesema hivyo?"

"Hilo swali huwa nauliza mimi." Phineas hakucheka, na Jeconia akagundua kwamba hajawahi kuuona uso ule bila kicheko. "Wewe ulifikiri leseni yako ilitoka wapi? Hii nyumba je? Ile kazi ya mikutano? Nani alikusemea, pasta wako?"

"Nilifikiri ni kazi yangu."

"Kazi yako ni first class, siwezi kataa. Ndiyo maana tulikuchagua. Watu wanakuja, wanakaa kwa hiyo benchi, wanafungua roho. Mimi nakunywa chai, nasikiliza." Akajifuta jasho shingoni. "Hii duka iko chini ya wakubwa wangu tangu siku ya kwanza, Fundi. Wewe tu ndiye ulikuwa hujui."

Jeconia alitafuta mahali pa kushika, akashika ukingo wa meza. Akamkumbuka mwalimu wa Plateau aliyemlalamikia diwani pale nje, kisha akahamishwa kazi ghafla. Na yule dereva wa lori ambaye redio yake ilikaa kwenye rafu hadi ikajaa vumbi, mwenyewe asionekane tena. Watu hao walikaa kwenye benchi lake. Walivutwa na spika yake.

"Wakubwa wanataka jina," Phineas akaendelea kwa sauti ya chini. "Nikiwapa jina la mtu wa hapa ndani, duka imekwisha, na mimi pia nitaulizwa kama nilikuwa nalala. Sasa sikiza. Huyu mama wa chai alikuwa hapo nje Jumapili. Ni mjane. Hana mtu wa kumfuatilia. Sema tu ni yeye. Useme mara moja, basi, mimi naenda."

Nje Kavetsa aliita, "Fundi! Yako niongeze sukari?"

Macho ya Jeconia yalikuwa kwenye pazia la chumba cha nyuma. Vidole vya Angeline vilikuwa vimeshika ukingo wake. Alimjua mke wake vizuri: pumzi mbili tatu tu na angetoka, asimame mbele ya Phineas, aseme ni mimi. Pazia likaanza kusogea.

"Haikuwa mtu!" Jeconia akapaza sauti, mpaka Phineas akashtuka. Vidole vikatulia. "Haikuwa mtu, ndugu yangu. Ilikuwa mashine."

"Mashine gani inapiga kigelegele?"

"Jumamosi nilikuwa na kazi ya harusi. Nilirudi nimechoka, sikuchomoa maikrofoni. Ukifungua spika na maikrofoni iko karibu, inalia. Ngoja. Ngoja uone."

Akachomeka waya, akakosa tundu mara kadhaa, yeye ambaye angeweza kufanya kazi hiyo usingizini. Akafungua mlango, akainua maikrofoni kuelekea mdomo wa spika. Mlio mkali, mwembamba, ukapasua barabara. Mbuzi wa mtu akakata kamba. Kavetsa akamwaga chai, akaziba masikio na kanga. Jeconia aliyechukia kelele maisha yake yote alisimama chini ya mlio ule akiomba kimoyomoyo ufanane na mwanamke.

Alipozima, Phineas alikuwa anamwangalia yeye, wala si spika. Kisha akatazama pazia, kwa muda mrefu. Phineas hakuwa mjinga. Alikuwa amekula ugali wa Angeline mara nyingi nyuma ya pazia lile.

"Mashine," Phineas akasema mwishowe. "Sawa. Hiyo naweza kupeleka." Kicheko kikarudi usoni mwake, na kilitisha kuliko kutokuwepo kwake. "Lakini sasa tumeelewana, sivyo? Mimi siwezi kaa hapa kutwa. Utakuwa unasikiliza watu kwa niaba yangu. Jumatatu kwa Jumatatu utanieleza. Hakuna mtu hapa Eldoret ako na masikio kama yako, Fundi."

Akampa mkono. Jeconia akaupokea, kwani angefanya nini? Phineas akanywa chai yake nje, akamlipa Kavetsa, akamtania kuhusu kanga yake iliyolowa, akaenda zake.

Angeline alitoka nyuma ya pazia akilia. "Ungeniacha niseme ni mimi, Baba Jacktone."

"Nyamaza," Jeconia akamwambia, naye pia akilia. "Tafadhali, usiongee. Usiongee tena humu ndani."

Siku zikapita, na watu wakaanza kusahau kuogopa. Benchi likajaa tena. Asubuhi moja mzee mmoja wa Chepkoilel, aliyeleta redio ya betri, akapokea chai kwa Kavetsa, akapuliza, akasema, "Lakini hawa watu wanatumaliza. Hata huyo DO wetu..." Wengine wakasogea karibu kumsikia.

Jeconia aliyasikia maneno hayo mezani, kila silabi, safi kabisa. Aliisikia hata pumzi ambayo mzee alivuta ili aendelee. Kama angesikia yaliyofuata, angetakiwa kuyasema Jumatatu. Na akiulizwa na Phineas, ana kwa ana, hakujiamini kwamba angeweza kunyamaza. Akanyakua maikrofoni, akafungua spika hadi mwisho.

"Fundi! Unatuua masikio!" watu wakapiga kelele. Mzee akakunja uso, akafunga kinywa, na chochote alichotaka kusema juu ya DO, afisa wa tarafa, kikarudi tumboni na chai.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Mtu akikaa kwenye benchi na kufungua kinywa, spika ililia. Ikiacha kulia, ilikwaruza. Wateja wakavumilia kwanza kwa sababu ya heshima, kisha mmoja mmoja wakabeba redio zao wakazipeleka kwa mafundi wengine. Mjini wakasema Aloo amekuwa kiziwi. Wengine walisema pesa zimempanda kichwani. Pasta aliacha kumtaja. Kavetsa alihamisha jiko lake ng'ambo ya barabara, akimlaani kwa Kimaragoli, na Jeconia alimtazama akienda na jiko lake na uhai wake, naye mjane asijue kilichompita karibu.

Jumatatu moja Phineas alikuja akakuta benchi tupu. Akakaa katikati yake, peke yake, spika ikilia juu ya kichwa chake.

"Siku hizi unasikia nini?" akauliza.

Jeconia aliegemea mlangoni, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Nini?"

"Nauliza, unasikia nini!" Phineas akapiga kelele hadi mishipa ikamtoka shingoni. Wapita njia wakageuka kumtazama.

Duka lilikuwa linakufa, na huenda naye angekufa nalo. Alijua hivyo. Jeconia akatikisa kichwa kama mtu asiyesikia kitu, akanyoosha mkono ndani ya mlango, akaongeza sauti ya spika.