Lenga-lenga za Mama Hélène

Mama Hélène aliyaomba mwenyewe yale matope. Draga, ile mashine ya kuchota uchafu, ilipoanza kusafisha kijito cha nyuma ya kiwanda kilichofungwa, alisimama njiani akawapungia madereva wa malori: mwageni hapa, kwangu! Alizaliwa Yanonge, kando ya mto, na huko matope meusi yanayoachwa na maji ni mbolea ya bure. Nani angemwambia kwamba haya ni mengine?

Tangu amzike mumewe alikuwa akila peke yake, na upweke ulimtafuna kuliko njaa. Sasa binti yake Rosine alikuwa amekubali kurudi kutoka Yangambi na mtoto wake anayetambaa. Basi mama akapanda lenga-lenga, ule mchicha wa kila siku, ukanawiri hata majirani wakaona kijicho.

Kijitoni, draga ilikuwa imechokonoa sumu iliyolala miaka na miaka. Maji yakawa meusi, samaki wakaelea matumbo juu. Ndipo Édouard, mhandisi wa kazi ile ya draga, alipokuja kupima matope ya bustanini. Aliporudi na majibu, hakutaka hata kuketi.

“Mama, hii matope haiko ya kupanda. Iko na plomb, ile madini ya sumu ya ndani ya betri. Majani inaivuta. Hata vumbi yake, mutoto akiilamba, inamuharibu kichwa.”

“Na mulikuwa munaniangalia tu nikipanda?”

Édouard alitazama viatu vyake. “Bachauffeurs ya malori walitafuta fasi ya karibu ya kumwaga, mama.”

“Mutaiondoa lini?”

“Bon... kazi imekwisha. Malori imekwenda.”

Imekwenda! Kumwaga walijua, kuzoa ndiko hawakujua.

Mama Hélène alitamani asingesikia. Angenyamaza, Rosine angejuaje? Angefika, wangecheka, nyumba ingekuwa na watu tena. Majirani aliwaonya siku ile ile wasichume, lakini kwa Rosine alikaa na wazo hilo mchana kutwa, akilionea aibu, kisha akapiga simu.

“Rosine, usikuye. Udongo ya hapa iko na sumu, na mutoto anatambaa.”

“Alors kuya wewe huku, mama. Unabakia kufanya nini?”

Moyo ulimruka kwa furaha. Akaangalia sanduku lake juu ya kabati. Akaangalia na bustani.

“Nikitoka, watu watachuma. Nikiing'oa, itaota tena, ao mwingine atapanda. Hii udongo iko muzuri sana kwa macho.”

“Si uwaambie!”

“Niliwaambia. Wanasema niko na choyo, ninawanyima majani.”

Upande wa pili mjukuu alikuwa akicheka. Mama Hélène alimsikiliza mpaka laini ikakatika. Nje, jirani yake Claudine, aliyekuwa akisukana naye nywele, alikuwa ameinama na kapu pembeni mwa bustani. Mama Hélène akachukua fimbo, akatoka kumfukuza.