Paskalina na Ng'ombe Aliyezaa

Paskalina alikuwa na miaka sita, na nyumbani kwao Tlawi hakuna mtu aliyewahi kumwona akiogopa kitu. Kisha ng'ombe wao, Mrembo, akazaa. Asubuhi hiyo, ukungu haujaondoka, Paskalina alipenya zizini akamshika ndama masikio. Mrembo akamsukuma kwa kichwa, mtoto akaangukia kwenye tope.

Hakuumia zaidi ya mchubuko kwenye kiwiko. Lakini tangu siku hiyo hakulisogelea tena zizi. Choo chao kiko nyuma ya zizi, basi akawa anazunguka nyumba nzima na shamba la mahindi ndipo afike, mara nyingine akichelewa. Kaka yake Patriki, aliyekuwa darasa la nne, akaona amepata mchezo: akawa anamnyatia na kulia kama ng'ombe.

Jirani yao, mzee Hermani, alipita akashauri mtoto akamatwe, asimamishwe mbele ya ng'ombe mpaka uoga umtoke. Baba, Joakimu, alimshukuru kwa heshima, ila mzee alipoondoka akamwambia mkewe Rogathe kwamba hilo hatalifanya.

Jioni, wakiota moto jikoni, baba akaanza kuwasimulia habari za punda. Wakati huo yeye alikuwa kijana mkubwa, karibu kuoa, punda wa watu akamkimbiza, akapanda juu ya mti wa mgrevilea akakaa huko mpaka mwenye punda alipokuja.

"Na alikuwa amevaa suti," bibi akaongeza kutoka kwenye kigoda chake. "Alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni."

Baba hakuwa amekusudia kulitaja hilo. Rogathe alicheka mpaka akaweka mwiko chini, kwa kuwa ukweni kwenyewe kulikuwa ni kwao, na siku ile hakuambiwa kwa nini mchumba alifika amechanika suruali. Paskalina naye akacheka, kisha akauliza kama baba bado anaogopa punda.

"Kidogo," baba akasema. "Lakini napita."

Patriki alipewa kazi mpya. Badala ya kumtisha mdogo wake, atembee naye kwenda chooni, yeye akiwa upande wa ng'ombe. Siku ya kwanza alinuna. Baadaye alianza kutembea kifua mbele kama askari.

Mama alikuwa na njia yake. Kila akienda kukamua alimwita Paskalina amsimulie habari za shule, akae popote anapotaka. Mwanzoni mtoto alikaa mlangoni mwa nyumba, ikabidi apaze sauti hadi majirani wakajua nani kamnyang'anya nani penseli. Baadaye akasogea kwenye gogo, kisha kwenye uzio. Kuna siku alirudi tena mlangoni, na hakuna aliyemuuliza. Mama aliendelea kukamua, akimweleza kwamba Mrembo hakuwa na chuki naye. Alikuwa mzazi tu, anayelinda mtoto wake, na ndama akienda mahali, mama yake atamfuata.

Siku moja baba na mama walikuwa mnadani na Patriki hajarudi kutoka shule. Mrembo alikata kamba akaingia kwenye kabichi za mzee Hermani. Bibi aliita watu, wapi. Na magoti yake hayakuwa ya kukimbiza ng'ombe. Akageuka kutafuta fimbo. Alipoinua macho, Paskalina alikuwa zizini anamfungua ndama.

Alimvuta ndama mpaka mpakani mwa shamba. Ndama akalia. Mrembo akainua kichwa, majani ya kabichi yakining'inia mdomoni, akaja. Paskalina aligeuka kuelekea nyumbani akimvuta ndama, ng'ombe yuko nyuma yake, pumzi zake zikimpiga shingoni. Bibi anasema mtoto alikuwa analia machozi, ila miguu haikusimama. Alipofika zizini alimwachia ndama, akapenya akatokea upande wa pili wa uzio, na bibi akafunga lango.

Mama aliporudi akasimuliwa yote. Alichuchumaa akamshika mtoto mikono.

"Ulijisikiaje?"

"Niliogopa."

"Ukafanyaje?"

"Nikatembea tu."

Mama akamkumbatia, akamwambia ametembea vizuri.

Baba alikwenda kwa jirani kuomba radhi, Paskalina akafuatana naye. Alimwamkia mzee, "Shikamoo babu," akaeleza mwenyewe ng'ombe alivyoingia na alivyotoka. Mzee Hermani alimsikiliza hadi mwisho, akamtazama Joakimu. Kisha alizikata kabichi zilizong'atwa, akawapa wakazile, maana hazingeuzika tena.

Familia ilikula kabichi usiku huo, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu Paskalina akatangaza kwamba yeye anaweza kumvumilia ng'ombe, ila kabichi hapana.